Aliyevunjika Uti wa Mgongo Huuawa na Kidonda, Si na Mvunjiko

Wahenga waliposema kwamba hujafa hujaumbika, hawakukusudia kumtisha mtu. Walimkumbusha mwenye miguu miwili kwamba miguu hiyo ameazimwa tu. Mgema hupanda mnazi alfajiri akiwa buheri wa afya, na kabla ya jua kuchomoza sawasawa akawa amelala chini ya mnazi uo huo, asizihisi nyayo zake. Kijana wa bodaboda huondoka kituoni akiwa na abiria mmoja na mzigo wa sukari, akakutana na lori kwenye kona. Fundi wa mjengo hukanyaga ubao uliooza katika ghorofa ya tatu. Katika muda usiotosha hata kuita jina la Mola, maisha ya mtu hugawanyika mapande mawili: ya kabla ya kuanguka, na ya baada yake.

Habari hizo zinapofika nyumbani, swali la kwanza katika kila kinywa huwa ni moja: je, atatembea tena? Huulizwa na mama mzazi, huulizwa na jirani, huulizwa na mchungaji na imamu wanaokuja kumwombea. Ni swali la kibinadamu, na sithubutu kumlaumu mtu kwa kuliuliza. Hata hivyo, nadiriki kusema kwamba si swali linalopasa kutangulia. Swali la kwanza lingekuwa hili: ni nini kitakachomuua mtu huyu, ambacho tunaweza kukizuia? Maana aliyevunjika uti wa mgongo akafika hospitalini akiwa hai, mara nyingi hafi kwa sababu ya mfupa uliovunjika. Huuawa na kidonda cha kulalia, na mkojo uliooza kibofuni, na nimonia. Kwa maneno mengine, huuawa na vijidudu vya kawaida ambavyo wewe nami tunapambana navyo kila siku bila hata kujua.

Asiyeamini na atazame yaliyompata mwigizaji wa Marekani, Christopher Reeve, ambaye dunia nzima ilimjua kwa kuigiza Superman katika sinema. Tarehe 27 Mei 1995, katika jimbo la Virginia, alirushwa na farasi akavunjika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Tangu siku hiyo hakuweza kusogeza mikono wala miguu, wala kupumua kwa muda mrefu bila mashine. Alikuwa na mali, alikuwa na jina, na alikuwa na wauguzi usiku na mchana. Kwa miaka tisa alizunguka akihimiza utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo. Alifariki tarehe 10 Oktoba 2004, akiwa na umri wa miaka 52. Katika siku zake za mwisho alikuwa akitibiwa kidonda cha kulalia kilichoingia vijidudu. Moyo wake ukasimama, akazirai asizinduke tena. Ikiwa kidonda kilimshinda tajiri huyo aliyezungukwa na matabibu, msomaji ajiulize hali ya kijana wa kijijini anayelala juu ya godoro jembamba, na ambaye mamaye ndiye muuguzi, mpishi na mlinzi wake.

Ili tuelewe sababu ya jambo hili hatuna budi kuingia kidogo ndani ya mwili. Katikati ya pingili za uti hupita ugwe wa neva, mnene kama kidole cha mwisho, unaoanzia ubongoni na kuteremka hadi kiunoni. Ugwe huo ndio njia kuu ya habari. Amri za ubongo hushuka kwa njia hiyo kwenda kwenye misuli, na hisia za ngozi hupanda kwa njia hiyo kwenda ubongoni. Pingili inapovunjika, mfupa huubana ugwe au kuuponda. Hilo ndilo jeraha la kwanza, nalo hutokea kwa nukta chache tu.

Lakini lipo jeraha la pili, nalo haliletwi na lori wala na mnazi. Huletwa na mwili wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika hali ya kawaida upo ukuta mwembamba unaotenganisha damu na nyama laini ya neva, ili chembechembe za damu zisiingie ovyo mahali pale patakatifu. Jeraha hubomoa ukuta huo. Walinzi wakaazi wa ugwe, chembe ndogo ziitwazo mikroglia, hushtuka mara moja na kutoa kemikali za kupiga mbiu ya mgambo. Kwa muda wa saa chache tu, chembe nyeupe za damu ziitwazo nutrofili humiminika pale kwa wingi, na katika siku ya kwanza au mbili hufikia kilele chao. Siku chache baadaye huja makrofaji, chembe kubwa zinazokula uchafu na mabaki ya seli zilizokufa. Mahali pote huvimba na kuwaka joto, na kwa kuwa ugwe umefungiwa ndani ya mfupa usiotanuka, uvimbe huo hauna pa kwenda. Huzidi kubana hata sehemu zilizosalimika.

Ni mfano wa askari wa kutuliza ghasia waliotumwa kijijini kumkamata mwizi mmoja. Wanapofika hawaulizi nani mwizi na nani mwenye nyumba. Kemikali ambazo chembe hizo hutoa kwa ajili ya kuua vijidudu huziua pia seli za neva zilizokuwa bado zina uhai, na kuyamenya maganda ya mafuta yanayozizunguka nyuzi za neva kama plastiki izungukavyo waya wa umeme. Mvunjiko uliochukua nukta moja hufuatwa na uharibifu wa siku na majuma. Tena, tofauti na kidonda cha ngozi ambacho huvimba kisha kikatulia, uvimbe wa ugwe huchelewa sana kutulia. Makrofaji zinaweza kuonekana mahali pale miezi mingi baadaye, kama askari waliosahauliwa na mkubwa wao kambini.

Mtu akisoma hadi hapa atasema: basi dawa ni kuwafukuza askari hao wote. Hivyo ndivyo walivyofikiri mabingwa wengi. Mwaka 1990 utafiti mkubwa wa Marekani ulitangaza kwamba dawa ya jamii ya steroidi iitwayo methilipredinisoloni, ambayo hupunguza uvimbe, ikitolewa kwa wingi ndani ya saa nane baada ya ajali, humfanya mgonjwa apate nafuu kidogo zaidi. Habari hizo zilipokewa kwa shangwe, na kwa miaka mingi dawa hiyo ilidungwa katika hospitali za dunia nzima; wengine waliitoa hata bila kuiamini, kwa kuogopa kushtakiwa wasipoitoa. Baadaye mambo yakaanza kubadilika. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo kwa saa 48 walipatwa zaidi na nimonia kali na sumu ya vijidudu katika damu. Mwaka 2004 utafiti mwingine, uliohusu watu wazima zaidi ya 10,000 waliojeruhiwa kichwani, ulitoa jibu la kushtua: miongoni mwa waliopewa steroidi, asilimia 21 walikuwa wamekufa katika majuma mawili, ilhali miongoni mwa wasiopewa walikuwa asilimia 18. Kufikia mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani ulisema wazi kwamba dawa hiyo isitumiwe kwa majeraha ya uti wa mgongo. Wapo bado mabingwa wanaoona kwamba inaweza kufikiriwa kwa muda wa saa 24 ikianzwa mapema, lakini ile shangwe ya mwanzo imekwisha.

Wengine walijaribu njia iliyo kinyume. Mwaka 1998 watafiti wa Israeli wakiongozwa na Michal Schwartz walitangaza kwamba panya waliokatwa ugwe walipata nafuu kiasi baada ya kupandikiziwa makrofaji zilizoandaliwa maalumu. Yaani, badala ya kuwafukuza askari, waliongezewa askari waliofunzwa adabu. Jambo hilo lilijaribiwa kwa binadamu, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2012, waliopewa makrofaji hawakupona zaidi ya wasiopewa. Hata lile kovu linaloota ugweni, ambalo kwa miaka mingi vitabu vililiita kizuizi cha neva kuota upya, limeleta mshangao: mwaka 2016 uchunguzi wa panya ulionyesha kwamba kovu hilo likiondolewa neva haziponi, bali huzidi kushindwa kuota.

Nimeyaeleza haya kwa urefu si kwa kupenda kuonyesha elimu, bali kwa sababu zipo familia zinazouza shamba ili kumpeleka mgonjwa ng'ambo kudungwa seli ambazo wauzaji wake huahidi miujiza. Msomaji na ajue kwamba kinga ya mwili si shetani wala si malaika. Chembe ile ile inayoua neva leo ndiyo inayozoa mabaki kesho ili ukarabati uanze. Bado hakuna aliyepata ufunguo wa kuitenga kazi moja na nyingine katika mwili wa binadamu. Anayekuuzia ufunguo huo kwa bei ya shamba lako anakuuzia hewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya, na ambalo ni la ajabu kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Wakati ugwe unawaka moto kwa wingi wa askari, mwili uliobaki hukosa ulinzi. Kinga ya mwili hufanya fujo mahali pamoja na kusinzia kwingine kote.

Sababu yake ni hii. Watu wengi hudhani kwamba neva kazi yake ni kutembeza miguu na kuhisi maumivu. La hasha. Zipo neva zinazojiendesha zenyewe bila sisi kuziamuru, ambazo huongoza mapigo ya moyo, upana wa mishipa ya damu, jasho, tumbo na kibofu. Neva hizo hufika pia kwenye bandama, kwenye uboho na kwenye tezi zinazokaa juu ya figo. Bandama ni kambi kubwa ya chembe za kinga. Tezi zile za juu ya figo ndizo zinazotoa homoni za dharura, ambazo zikizidi huwalaza askari wa kinga. Ugwe unapojeruhiwa juu, yaani shingoni au katika nusu ya juu ya kifua, ubongo hupoteza usukani wa neva hizo. Kambi hubaki bila kamanda. Homoni hutoka bila kipimo, chembe nyeupe aina ya limfosaiti hupungua katika damu, na uwezo wa kutengeneza kinga mpya hudhoofika. Kwa panya imeonekana kwamba bandama yenyewe husinyaa.

Fikiria basi hali ya mgonjwa huyo. Misuli ya kifua chake imelegea, hawezi kukohoa akatoa makohozi, nayo mapafu yanageuka dimbwi la vijidudu. Kibofu chake hakijui kujikamua, mkojo unatuama, na mpira uliopitishwa ndani yake ni daraja la vijidudu kutoka nje. Ngozi yake haihisi, hawezi kujigeuza, na mfupa wa tako unaibana nyama hadi damu haipiti na nyama inakufa. Milango yote mitatu iko wazi, na wakati huo huo walinzi wamelala. Je, ni ajabu mwizi akiingia?

Tena mwizi huyo haibi kitu kimoja tu. Mwaka 2012 watafiti waliochambua kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani walionyesha kwamba wale waliopatwa na nimonia au maambukizo ya kidonda katika siku za mwanzo walirudisha nguvu za viungo kwa kiasi kidogo kuliko wenzao ambao hawakuambukizwa. Kwa hiyo anayeuliza kama mgonjwa atatembea tena, na papo hapo akapuuza kikohozi chake na kidonda chake, anaukata mti aukaliao. Kuzuia maambukizo ni kumwokoa mtu na kifo, na pia ni kuzikinga zile neva chache zilizosalia.

Lipo jambo jingine ambalo kila mwenye mgonjwa aliyejeruhiwa kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake. Mgonjwa huyo akizibwa mpira wa mkojo, au tumbo likajaa choo kigumu, au ukucha ukaingia nyamani, mwili wake wa chini hupiga kelele ambazo ubongo hauwezi kuzisikia wala kuzituliza. Neva zile zisizo na kamanda huibana mishipa ya damu, na shinikizo la damu likapaa ghafla. Mgonjwa hupatwa na kichwa kikali cha kugonga, uso humwiva, jasho humtoka usoni na shingoni, na vinyweleo humsimama. Mwenye kumhudumia, kwa kutojua, humlaza chini na kumpa kidonge cha maumivu. Kumlaza ni kosa, maana shinikizo huzidi kupanda kichwani na anaweza kupasuka mshipa wa ubongo. Linalotakiwa ni kumketisha wima, kumlegeza nguo na mkanda, kuutazama mpira kama umejikunja au umeziba, kuhakikisha kibofu na tumbo vimetoka uchafu, na asipopata nafuu mara moja, kumkimbiza hospitali. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba misukosuko hiyo ikirudiarudia huidhoofisha kinga ya mwili kwa muda mrefu. Mpira mmoja ulioziba hauleti maumivu ya kichwa tu. Huandaa pia njia ya nimonia ijayo.

Hata miaka inapopita na mtu akazoea kiti chake cha magurudumu, vita havijaisha. Damu ya watu wengi wenye jeraha hili huonyesha dalili za uvimbe wa chini kwa chini usiokoma, kama moto wa pumba unaofuka bila ulimi. Misuli hupungua, mafuta huongezeka, na vidonda na maambukizo ya mkojo huzidi kuuchochea moto huo. Ndiyo maana ugonjwa wa moyo na kisukari huwaandama. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na katika ripoti yake ya mwaka 2013 lilieleza kwamba uwezekano wao wa kufa mapema ni kati ya mara mbili na mara tano zaidi ya watu wengine, hali ikiwa mbaya zaidi katika nchi maskini.

Mtu anaweza kuuliza: je, haya hayahitaji mabilioni tusiyokuwa nayo? Jibu linapatikana katika historia. Zamani za Misri ya Mafirauni, tabibu aliyeandika kuhusu majeraha ya shingo alishauri kwamba aliyepooza mikono na miguu asitibiwe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wa askari waliovunjika uti walikufa kwa vidonda na mkojo. Kisha mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, alikabidhiwa wodi ya wagonjwa hao daktari mmoja Myahudi aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, jina lake Ludwig Guttmann. Penisilini ilikuwa imeanza kupatikana, nayo ilimsaidia. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa ukali wake. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na yeye mwenyewe alizunguka usiku kuhakikisha. Alisimamia usafi wa kibofu kama mtu alindaye hazina. Aliwatoa watu vitandani, akawapa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale uwanjani pake. Kutokana na mbegu hiyo, mwaka 1960 mjini Roma wakakusanyika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na ndiyo asili ya Paralimpiki tuijuayo. Watu walioandikiwa kufa walianza kuishi, na kilichowaokoa ni mikono ya wauguzi, saa ya ukutani na maji safi. Kisha mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan akaonyesha kwamba mgonjwa anaweza kujipitishia mpira wa mkojo mwenyewe mara kadhaa kwa siku na kuutoa, kwa mikono iliyooshwa tu, bila vifaa vya chumba cha upasuaji. Njia hiyo hata leo ndiyo inayopendekezwa zaidi.

Hapa kwetu Kenya, tunayo hospitali ya umma iliyoundwa mahususi kwa majeraha ya uti wa mgongo mjini Nairobi, na wanaofanya kazi humo wanastahili heshima. Lakini ajali haichagui kutokea Nairobi. Hutokea Lodwar, hutokea Kwale, hutokea katika barabara ya kwenda Malaba usiku wa manane. Majeruhi huinuliwa na wasamaria wema, mmoja akamshika mabega na mwingine miguu, shingo ikining'inia, akakunjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Wanatenda kwa huruma, lakini ugwe uliokuwa umebanwa tu unaweza kupondwa kabisa katika safari hiyo. Akifika katika wodi iliyojaa, yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa makumi, ni nani atakayemgeuza kila baada ya saa mbili? Siku chache baadaye kitako kinakuwa chekundu, kisha cheusi, kisha kuna shimo linaloweza kumeza ngumi.

Nasi wananchi tuna lawama yetu. Tunapenda harambee ya kiti cha magurudumu. Mheshimiwa huja, hupiga picha, hukabidhi kiti, na makofi hupigwa. Sina ugomvi na kiti. Nauliza tu: mto wa kukalia uko wapi? Kiti kisicho na mto unaofaa, kwa mtu asiyehisi, ni kiwanda cha vidonda. Ni nani aliyewahi kuitisha harambee ya mipira ya mkojo? Hakuna, kwa sababu mpira wa mkojo haupendezi katika picha. Hivyo mgonjwa huutumia mpira mmoja kwa majuma, au humbidi kukaa na mpira usiotolewa mwezi baada ya mwezi, hadi homa impande.

Nionavyo, yapo mambo manne yasiyohitaji kusubiri uvumbuzi wa ng'ambo. Kwanza, polisi wa barabarani, makondakta na waendeshaji bodaboda wafunzwe namna ya kumwinua majeruhi wa shingo na mgongo, kwa ubao na kwa mikono ya watu wengi, bila kumkunja. Wao ndio wanaofika mwanzo. Pili, serikali za kaunti, ambazo zimekabidhiwa huduma za afya tangu mwaka 2013, zihakikishe kwamba kila hospitali kuu ya kaunti ina wauguzi waliofunzwa kazi hii, na kwamba jamaa wa mgonjwa hawaruhusiwi kumpeleka nyumbani kabla ya kufundishwa kugeuza, kukagua ngozi kwa kioo kila siku, kupitisha mpira na kutambua dalili za shinikizo la ghafla. Tatu, mipira ya mkojo, mito ya viti na chanjo za homa ya mafua na za nimonia zihesabiwe kuwa dawa za lazima kwa watu hawa, si zawadi za wahisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Nne, kila zahanati ijue kwamba homa kwa mtu aliyepooza si homa ya kupewa vidonge vya malaria na kurudishwa nyumbani kabla hajavuliwa nguo na kukaguliwa mgongo, matako na visigino.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi ina magonjwa mengi, na kwamba watu hawa ni wachache. Nawajibu kwa hesabu ya dukani. Kugeuzwa kitandani hakugharimu kitu ila jasho. Kidonda kilichofika mfupani hugharimu miezi wodini, dawa za bei ghali, upasuaji wa kuhamisha nyama, na mara nyingi, jeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Isitoshe, wengi wa wanaovunjika uti ni vijana waliokuwa wakilisha wazazi na wadogo zao. Akiokolewa na vidonda, kijana huyo anaweza kushona viatu, kutengeneza simu, kufundisha shule, kusimamia duka. Akiachwa aoze kitandani, si yeye peke yake anayekufa. Nyumba nzima hufa naye.

Wanasayansi wataendelea kutafuta namna ya kuwatuliza askari wa ugweni bila kuwalaza walinzi wa mwili mzima, nasi tunawaombea heri. Siku wakifanikiwa, dawa yao itamfaa tu yule ambaye siku hiyo itamkuta hai, mapafu yake yakiwa safi na ngozi yake ikiwa haijatoboka. Kumfikisha siku hiyo ni kazi yetu. Basi tukienda kumtazama jirani aliyeanguka, tuiache kwa muda ile hamu ya kumwuliza kama vidole vinasogea. Tutazame saa ya ukutani, tuulize aligeuzwa lini mara ya mwisho, na kama saa mbili zimepita, tukunje mikono ya nguo zetu tumgeuze.